Ukili wa Safarini

Makala haya hayana nadharia ya kutetea wala data ya kuchanganua. Ni masimulizi ya mazungumzo yaliyochukua muda wa saa moja na nusu hivi, ndani ya matatu, baina ya mwandishi na mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kumwona kabla ya siku hiyo na hajamwona tena. Nimeyaandika kwa ajili ya wenzangu wa idara na wanafunzi wetu wa uzamili kwa sababu mazungumzo hayo yalinifunza jambo kuhusu ushairi ambalo miaka mingi ya kusoma na kufundisha haikunifunza. Isitoshe, yaliuzuia mkono wangu kutia sahihi hukumu ambayo ningeijutia.

Aghalabu sisi wahakiki tunapouliza sanaa ni nini, huanzia mbali. Huanza na Plato, ambaye katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anatumia mfano wa kitanda. Kuna kitanda cha asili ambacho ni dhana, kuna kitanda alichokiunda seremala, na kuna kitanda alichokichora mchoraji, na huyu wa mwisho ndiye aliye mbali zaidi na ukweli. Kutoka hapo huenda kwa Aristotle na utetezi wake wa mwigo, kisha tukashuka karne kwa karne hadi tunapofika kwetu. Wanafunzi huyanakili hayo daftarini kwa utiifu. Katika miaka yote niliyofundisha kozi hiyo, sijampata mwanafunzi aliyeuliza seremala mwenyewe angesema nini kuhusu kitanda chake. Nami, ni lazima nikiri, sikuwahi kujiuliza.

Nakaa Mombasa, na siku mbili kwa juma huwa na vipindi Kilifi, umbali wa kilomita zipatazo 60. Matatu huvuka daraja la Nyali, hupita Kongowea, Bamburi na Shanzu, hukwama Mtwapa, kisha hupata mbio kandokando ya mashamba ya katani ya Vipingo kabla ya kufika njia panda ya Takaungu na hatimaye daraja la Kilifi. Kwa mwalimu wa chuo, safari kama hiyo ni ofisi ya pili. Humo husahihisha insha, huandaa mihadhara, na wakati mwingine hutoa hukumu juu ya kazi za watu wasiomjua.

Siku ninayoisimulia nilikuwa nimepakata mswada. Mchapishaji mmoja alikuwa ameniletea diwani ya mashairi ili niisome na kutoa maoni iwapo inafaa kuchapishwa. Jina la mtunzi lilikuwa limeondolewa, kama ilivyo desturi, lakini kutokana na mambo aliyoyaandikia nilikisia kuwa ni kijana, na yamkini msichana. Mashairi yake yalikuwa huru. Hayakuwa na vina, mizani haikulingana, na mishororo mingine ilikuwa na neno moja tu. Nilikuwa nimeyasoma usiku uliotangulia nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Ripoti nilikuwa nimekwisha kuiandika, ukurasa mmoja na nusu, na iliyobaki ilikuwa kuisafisha na kuituma.

Msomaji wa jarida hili hahitaji kusimuliwa historia ya mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Itoshe kukumbusha kwamba tangu Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka wa 1954, walikuwako walioziona sheria hizo kuwa ndio mpaka wa ushairi wenyewe. Mwaka wa 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, wengi waliudhika kama kwamba nyumba imeingiliwa na mwizi. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali, na wanajadi na wanausasa waliitana majina. Kufikia wakati Alamin Mazrui alipotoa Chembe cha Moyo mwaka wa 1988, ushairi huru ulikuwa umekwisha kupata makao katika fasihi yetu. Leo hakuna anayepigana tena waziwazi. Tunafundisha pande zote mbili kwa upole, tunatoa mifano, na tunasonga mbele.

Hata hivyo, mgogoro uliozimwa darasani huweza kuendelea kuwaka ndani ya mtu. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza nilitunga mashairi, nami pia nilitunga huru. Nilimpelekea mwalimu mmoja niliyemheshimu sana kurasa kama 20. Alinirudishia baada ya siku tatu, na juu ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwamba hayo si mashairi bali ni maneno yaliyokatwakatwa. Sikumchukia. Nilimwamini. Niliacha kutunga, nikaenda kusoma arudhi, na hatimaye nikaandika tasnifu ya uzamifu kuhusu mizani katika tenzi. Watu wananiita daktari kwa sababu ya sentensi ile.

Basi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma ya dereva, upande wa dirisha. Tulipokuwa bado stejini alipanda mama mmoja wa makamo yaliyopita, labda mwenye miaka 70 au zaidi, amevaa buibui na kubeba kikapu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kando yangu. Kabla hatujafika Nyali alikuwa ametoa kikapuni bunda la chane za ukindu lililofungwa katika kitambaa chenye unyevu, pamoja na ukili uliokwisha kusukwa na kuviringwa kama gurudumu. Akaanza kusuka.

Kwa wale waliokulia mbali na pwani, ni vyema nieleze. Mkeka hausukwi wote kwa pamoja. Husukwa kwanza ukili, nao ni utepe mwembamba na mrefu wa majani ya mkindu yaliyokaushwa na kuchanwa. Ukili huo hupimwa kwa pima, na mkeka mmoja wahitaji pima nyingi. Ukishapatikana ukili wa kutosha, ndipo hushonwa ukingo kwa ukingo hadi upatikane upana. Baadhi ya chane hutiwa rangi, na kwa kuzipitisha huku na huku msukaji hupata mapambo. Mama huyu alikuwa na chane nyeupe, nyeusi na za zambarau. Vidole vyake vilikwenda bila ya yeye kuviangalia. Uso wake ulikuwa umeelekea mbele, barabarani.

Mimi nilirudi kwenye mswada wangu. Tulipokwama Mtwapa, palipo na msongamano usiokwisha, aliniuliza:

“Wasoma nini, mwanangu, hata wakunja uso hivyo?”

Nilimwambia kuwa ni mashairi.

“Yamekukosea nini?”

Nilicheka. Nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu, kwamba nimetakiwa niseme kama yafaa kuwa kitabu, na kwamba kwa maoni yangu hayafai kwa kuwa mtunzi hajui kanuni. Alinyamaza kidogo, akaongeza chane mpya katika ukili wake, kisha akasema:

“Hebu n'somee moja. Mie karatasi siioni.”

Sikutaka. Matatu ilikuwa imejaa, na kusoma shairi kwa sauti mbele ya watu wasiolitaka ni jambo la kuaibisha. Lakini mtu mzima alikuwa ameomba. Nilichagua shairi nililolitia alama nyingi zaidi za wino mwekundu, pengine kwa nia mbaya ya kumwonyesha ubovu wake. Lilihusu mtoto ambaye mama yake amekwenda kufanya kazi Saudia na hupiga simu usiku. Shairi zima ni simu hiyo. Mama anaanza jambo, sauti inakatika, mtoto anangoja, mama anarejea akiwa katikati ya jambo jingine. Mishororo ilikatika mahali pasipotarajiwa, mingine katikati ya kirai, mmoja katikati ya neno.

Nilisoma polepole. Kufikia ubeti wa pili kondakta alikuwa amepunguza redio. Nilipomaliza, kijana mmoja wa kiti cha nyuma alisema, “Endelea, mwalimu,” nami sikujua kama ananitania.

Mama yule alikuwa ameacha kusuka. Akasema:

“Huyu amengoja simu. Hakuambiwa na mtu. Amengoja mwenyewe.”

Nikamwambia kuwa hilo huenda ni kweli, lakini ushairi si habari tu bali ni usanii, na kwamba usanii una ufundi wake. Nikaanza kumweleza jinsi mishororo ilivyokatika ovyo. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaunyoosha ukili wake juu ya mapaja yangu, juu ya mswada.

“Hebu utizame huu. Waona pahali nilipounga?”

Nilitazama. Ulikuwa umefuma vizuri, mistari ya zambarau ikipanda na kushuka kwa mpango mmoja. Nikasema sioni.

“Haya, ugeuze.”

Niliugeuza. Upande wa chini ulikuwa na ncha nyingi za chane zilizochomoza, kila baada ya inchi chache, kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa vibaya.

“Jani la mkindu ni fupi,” alisema. “Halifiki popote. Lamalizika, watia jingine. Lamalizika, watia jingine. Ukili wote ni viungo. Ukimwona mtu akwambia yeye asuka bila kuunga, huyo hajasuka.”

Akauchukua tena, akaonyesha kwa kidole chake cha shahada. “Sasa sikiza. Kuunga si makosa. Makosa ni kuunga pamoja. Chane hii ikishia hapa, ile ya pili nisiiwache ishie hapa hapa. Yende mbele kidogo. Ya tatu yende mbele tena. Viungo vikikaa mstari mmoja, mkeka utakuwa mzuri dukani, lakini mtu akiulalia mwezi, utakatika papo.”

Aliniangalia, au alielekeza uso wake kwangu. “Huyu mtoto wako viungo vyake havikukaa mstari mmoja. Kila alipokata, kitu kingine kilikuwa chaendelea. Simu yakatika, lakini kungoja hakukatika. Nimekusikia ukisoma.”

Ninaomba msomaji anivumilie hapa, maana ndipo palipo kiini cha makala haya. Nilikuwa nimefundisha kwa miaka mingi kwamba shairi huru halina budi kuwa na mshikamano wa ndani unaochukua mahali pa vina na mizani. Ni sentensi inayopatikana kwa namna moja au nyingine katika takriban kila mwongozo wa ushairi. Lakini sikuwahi kuweza kumwonyesha mwanafunzi mshikamano huo uko wapi na unapimwaje. Mama yule alinipa kipimo. Mahali ambapo sauti inakatika, je, maana nayo inakatika? Mahali ambapo maana inakatika, je, picha inaendelea? Ikiwa vyote vitatu vinakoma pamoja, hapo shairi limekatika. Kama kimoja kinaendelea kikimvusha mwenzake, hapo limeungwa.

Nilimuuliza kuhusu mishono. Kwani ukili unaposhonwa kwa ukili mwingine, si kunakuwa na mstari ulionyooka, unaoonekana, toka mwanzo hadi mwisho wa mkeka? Si hapo mambo yote hukaa mstari mmoja?

“Huo ni mshono,” alijibu, kwa sauti ya mtu anayemrudia mtoto jambo la wazi. “Mshono ni mbali na kiungo. Mshono wauona, wauhisabu, mkeka wapata upana. Lakini mshono wauweka juu ya ukili ulio mzima. Ukiwa na viungo vibovu, shona upendavyo, hutauponya.”

Ndipo nilipoanza kuona kwamba sisi katika mabishano yetu tulikuwa tumevichanganya vitu viwili. Kina ni mshono. Ukomo wa kipande baada ya mizani 8, katika shairi lenye mizani 16 kwa mshororo, ni mshono. Huonekana, huhesabika, hunyooka kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na huupa utungo upana na sura yake. Kiungo ni kitu kingine. Ni mahali ambapo wazo fupi, maana mawazo yetu yote ni mafupi kama jani la mkindu, hukabidhi kazi kwa wazo linalofuata. Mtunzi hodari wa jadi hujua kuyaacha mawazo yavuke mshono, ili kina kinapofunga, hoja iwe bado iko njiani. Mtunzi dhaifu wa jadi humaliza wazo pale pale anapomaliza kina, katika kila mshororo, ubeti baada ya ubeti. Vina vyake ni sahihi na mizani yake ni kamili, na hakuna anayerudi kumsoma. Viungo vyake vimekaa mstari mmoja. Mtunzi dhaifu wa ushairi huru naye huondoa mishono akidhani ameondoa na wajibu wa kuunga. Kosa lao ni moja, ingawa wanajiona kuwa mahasimu.

Tulipotoka Mtwapa upepo wa bahari uliingia dirishani na mama akazifunika chane zake zisikauke. Nikiwa nimechangamka, nilimsomea mashairi mengine mawili. La kwanza alilipenda. La pili alilikataa kabla sijalimaliza. “Hapa amechoka,” alisema. “Chane kavu hizi. Azirudishe majini.” Nililitazama shairi hilo upya. Lilikuwa ni lile moja ambalo sikulitia alama hata moja ya wino mwekundu, kwa sababu mishororo yake ililingana urefu na nilidhani mtunzi ameanza kupata adabu.

Labda ni kwa sababu ya fedheha hiyo ndogo kwamba nilijitetea kwa methali. Ripoti yangu ilikuwa imekwisha kwa methali tuipendayo sote, ya kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Nilimwambia hivyo, nikitaraji kwamba kwa umri wake angekubaliana nami.

“Kamba gani?” aliuliza.

Nikababaika. Kamba tu.

“Kamba ya makumbi,” alisema. “Makumbi ya nazi wayafukia pwani miezi, yaoze, uyafukue, uyaponde, ndipo usokote. Hiyo yafunga chombo. Ukambaa ni majani tu haya, wausuka kwa saa, wafunga mzigo wa kuni, kesho ukikatika wafanya mwengine. Methali hiyo ni ya baharia, na baharia ana haki. Akifunga chombo chake kwa ukambaa, asubuhi hatakikuta. Lakini mie, mwanangu, siwezi kulala juu ya kamba.”

Abiria wa nyuma walicheka, nami nikacheka nao. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kama kwamba ni jambo lisilo na uzito: “Na hiyo kamba kuukuu nayo ilikuwa mpya siku moja.”

Nimeishi na methali ile tangu utotoni. Nimeitolea mifano katika mihadhara ya fasihi simulizi, nikiichambua fani yake na maudhui yake. Sikuwahi kuuliza kamba inatengenezwaje, wala ukambaa unatumiwa kwa nini, wala ni nani aliyekuwa akisema na akiwa amesimama wapi. Niliichukua kuwa sheria kuhusu ya kale na ya sasa, hali asili yake ni ushauri wa mtu wa kazi kuhusu kuchagua kifaa kinachofaa kazi yenyewe. Mhakiki aliyesoma hujisifu kwa kuzingatia muktadha. Mbele ya methali iliyo wazi kama hii, muktadha wake wote ulikuwa kikapuni mwa mama aliyeketi kando yangu.

Nilimuuliza kwa nini anasuka garini badala ya kupumzika. Alinijibu bila huzuni. Alikuwa anatoka hospitali mjini, ambako huenda kila baada ya majuma machache. Ana presha ya macho. Jicho moja limekwisha kuzima na la pili linafifia kutoka pembeni kuja kati, na daktari alikuwa amemwambia ukweli, kwamba dawa itachelewesha lakini kilichokwenda hakitarudi.

“Basi nasuka nikitazama mbali,” alisema. “Nataka mikono ijue yote kabla macho hayajafungwa. Rangi ndizo zitakazonisumbua. Nyeupe naijua kwa kidole, ya kutiwa rangi huwa ngumu zaidi. Lakini nyeusi na zambarau zote ni ngumu. Hizo mjukuu atanitengea.”

Sikujua la kusema. Nikamuuliza mkeka huu ni wa nani. Akasema hajui bado. “Mkeka haukosi mtu. Atazaliwa mtu, ataolewa mtu, atakufa mtu. Ukiwa tayari, mwenyewe atakuja.”

Baada ya kimya kifupi aliniuliza kama mimi mwenyewe natunga. Ni swali ambalo katika miaka 20 hakuna mwenzangu aliyeniuliza, maana katika taaluma yetu mtu akishakuwa mhakiki hudhaniwa kuwa ameshachagua. Nilimwambia nilitunga zamani nikaacha. Hakuniuliza sababu. Alisema tu, “Mikono haisahau. Ila yakauka. Itie maji.”

Tulifika njia panda ya Takaungu. Aliuviringa ukili wake, akazifunga chane katika kitambaa, akasema “Haya mwanangu, Mungu akuweke,” na kondakta akamshika mkono kumshusha. Sikumuuliza jina lake. Gari lilipoondoka nilimwona akimngoja mwenye bodaboda, kikapu kikiwa miguuni, uso wake umeelekea upande wa bahari.

Kabla sijafika darajani nilikuwa nimeisoma upya ripoti yangu. Katika aya ya tatu nilikuta sentensi niliyoiandika usiku bila ya kuisikia. Nilikuwa nimeandika kwamba hayo si mashairi bali ni nathari iliyokatwakatwa. Karibu ilikuwa ni sentensi ile ile ya mwalimu wangu, neno kwa neno, iliyokaa ndani yangu kwa miongo miwili ikingoja mtu wa kumwangukia. Mtu huyo alikuwa ni kijana asiye na jina ambaye alikuwa amengoja simu.

Niliichana ripoti hiyo. Mpya niliyoiandika juma lililofuata ilikuwa na kurasa sita. Sikuyasifu mashairi yote, maana hayakustahili yote. Nilipendekeza diwani ichapishwe baada ya marekebisho, nikaonyesha mashairi 11 ambamo, kwa maoni yangu, sauti, maana na picha vinakoma mahali pamoja, na nikaeleza kila mahali kwa nini. Nilimwomba mtunzi asiyarefushe wala kuyapa vina, bali aangalie alipounga. Nilieleza pia kuwa shairi la simu lisiguswe hata nukta. Uamuzi ni wa mchapishaji, lakini angalau atakayeipokea ripoti hiyo ataambiwa jambo ambalo anaweza kulifanyia kazi.

Tangu siku ile nimeyatazama upya maneno ya taaluma yetu, na nimeona kwamba mengi tuliyakopa kwa watu wa kazi za mikono bila ya kuwashukuru. Kutunga ni kazi ya mwenye shanga, mwenye maua, au mvuvi anayewapitisha samaki katika uzi. Msuko, tunaoufundisha kama istilahi ya riwaya, ni wa msusi na wa msukaji wa ukili. Nudhumu katika Kiarabu inatokana na kupanga na kutunga lulu katika uzi. Neno sanaa lenyewe, katika asili yake ya Kiarabu, ni kutengeneza kitu kwa ustadi. Fani, ambayo sisi tumeifinya ikawa sura ya nje inayosimama kando ya maudhui, huko ilikotoka ni sanaa nzima. Hata Aristotle, alipotaka kueleza jinsi tamthilia inavyojengwa, alisema kuna kufunga na kuna kufungua, kama mtu anayeshughulika na fundo. Huenda, basi, tunapoanza kozi yetu kwa kitanda cha Plato, tungefanya vyema pia kumwita seremala darasani na kumsikiliza.

Wala sisemi kwamba msukaji wa mikeka anachukua nafasi ya mhakiki. Mama yule hakujua bahari za ushairi, na mimi bado naamini kwamba asiyezijua bahari hizo hawezi kuuelewa ushairi wetu. Ninachosema ni kwamba elimu ya kuunga ilikuwako kabla ya elimu ya kuhesabu mizani, na kwamba inaishi katika mikono ya watu tunaopanda nao matatu kila siku, tukiwa tumekunja uso.

Limebaki jambo moja, ambalo wenzangu wa idara tayari wananicheka kwalo. Jirani yangu, ambaye ni mtu wa Siyu, amekubali kunifundisha kusuka. Kazi hii pwani ni ya wanawake, na wanawe huja barazani kunitazama. Baada ya majuma matatu nilikuwa na ukili wa pima moja, nikauvuta kuujaribu, ukakatika katikati. Jirani aliutwaa, akaugeuza, akanionyesha bila ya kusema neno. Viungo vyote vilikuwa mahali pamoja.

Nimeanza mwingine. Jioni, nikishaufunika ule ukili kwa kitambaa chenye maji, huketi mezani na kuandika mishororo michache ambayo sijamwonyesha mtu.